Mnadi wa Gikomba anayeishiwa sauti kabla ya adhuhuri

Saa moja kasorobo asubuhi, Kavinya Nzau anapanda juu ya meza yake ya mbao katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, blauzi moja kila mkono. Dakika arobaini zilizopita alimeza kidonge cheupe kwa chai na ndizi moja. Sasa kidonge kimeshika, naye anaanza kunadi.

"Kamera hapa! Kamera, mama! Blauzi ya ofisi, blauzi ya kanisa, chagua!"

Kamera ndilo jina la sokoni la nguo za daraja la kwanza, zile zinazotolewa robota la mitumba likifunguliwa, kabla hazijapita mikononi mwa watu wengi. Sauti ya Kavinya ni nyembamba na kali. Inapanda juu ya nyundo za maseremala na juu ya watu wa mikokoteni wanaoomba njia. Wateja wanakusanyika, wengi wao wanawake wanaopitia hapa wakielekea kazini.

Saa tatu na nusu, neno "chagua" linaanza kutokea puani. Kope la jicho lake la kushoto limeshuka hadi nusu ya mboni. Mkono ulioinua blauzi umeteremka hadi usawa wa kifua.

Anab Wehliye, anayeuza mapazia kwenye meza inayofuata, anaweka chini pazia alilokuwa akilikunja. Anagonga meza ya jirani yake mara mbili kwa kiganja. Kavinya anashuka bila kubishana, anakaa kwenye kiti cha plastiki, na Anab anaendelea kunadi kuanzia pale mwenzake alipoachia.

Ndivyo wanavyofanya siku sita kwa wiki.

Kavinya, mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto wawili, anaugua mayasthenia gravis. Ni mojawapo ya magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu kutoka nje, inaushambulia mwili wenyewe. Kwake yeye, kinga hiyo inaharibu mahali mishipa ya fahamu inapokutana na misuli. Ubongo unatoa amri, amri inafika, lakini msuli haupokei yote. Kadiri msuli unavyotumika ndivyo unavyozidi kulegea. Ukipumzishwa, nguvu hurudi kwa muda.

Misuli inayochoka haraka zaidi kwake ni ya macho, ya taya, ya koo na ya ulimi. Kwa mtu anayeishi kwa kunadi, hiyo ndiyo misuli ya kazi.

Alizaliwa Mwala, katika Kaunti ya Machakos, na kuja Nairobi mwaka wa 2003 baada ya kumaliza shule ya upili. Alianza kwa kupanga nguo za mfanyabiashara mwingine hapa hapa Gikomba. Mwajiri wake alipogundua kwamba anaweza kunadi tangu asubuhi hadi jioni bila kukauka koo, alimtoa kwenye kupanga na kumpandisha mezani. Miaka minne baadaye alikuwa na meza yake.

Ameolewa na Mwangangi, dereva wa lori la kusambaza saruji. Wanaishi ghorofa ya nne katika mtaa wa Huruma, pamoja na binti zao. Sokoni anajulikana kwa jina la bintiye wa kwanza, Mama Koki.

Ugonjwa ulianza Agosti 2021, wala haukuanza kama ugonjwa. Ilikuwa alasiri, akitundika mashati. Alinyoosha mkono kushika henga, mkono ukapita hewani.

"Nilikuwa naona henga mbili," anasema. "Nikashika ile ya uongo."

Alidhani ni uchovu. Alifumba jicho moja, henga ikabaki moja, akaendelea na kazi. Wiki chache baadaye kope la kushoto likaanza kushuka kila jioni. Kisha taya. Akila githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilimbidi aegemeze kidevu kwenye kiganja ili ausaidie mdomo kutafuna, na mara nyingine chakula kilipoa kabla hajafika nusu ya sahani.

Uso wake ulipolegea, kila mtu aliusoma kwa namna yake. Akitabasamu, midomo ilipanda upande mmoja tu, na wateja wakaona kama anawabeua. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichagua fulana aliamini anakonyezwa, akarudi kesho yake akiwa amepaka mafuta mazuri na kumwomba nambari ya simu. Kavinya anaisimulia habari hiyo bila kucheka sana, kwa sababu ilimfikia mumewe.

Mwangangi hakumpigia kelele. Alimuuliza mara moja, wakiwa mezani, kama kuna mtu. Yeye akajibu hapana, lakini kwa wakati huo ulimi wake ulikuwa umechoka na jibu likatoka limekokoteka kama la mlevi. Mwangangi akasukuma sahani, akaenda kulala.

Neno la ulevi ndilo lililoenea zaidi. Kufikia saa nane mchana, mama aliyekuwa akisikika hadi ng'ambo ya barabara alikuwa akiburuta maneno, jicho limelala, shingo haimudu kichwa. Kanisani, kiongozi wa akina mama alimwita pembeni na kumshauri kwa upole apumzike na kwaya hadi atakapokuwa ametengeneza maisha yake. Kavinya aliacha kwaya. Hajawahi kuonja pombe.

Hata Anab aliamini hivyo kwa miezi kadhaa.

"Sitakudanganya," Anab anasema. "Nilikuwa nanusa chupa yake ya maji akienda choo. Ilikuwa maji tu."

Kavinya alitafuta matibabu tangu mwezi wa pili baada ya dalili kuanza. Alipewa miwani, ambayo haikusaidia. Aling'olewa jino ambalo halikuwa na kosa. Alipewa dawa za kuongeza damu. Mara tatu alikwenda kwenye zahanati na mara zote tatu aliambiwa hana ugonjwa wowote. Mara ya mwisho aliandikiwa barua ya kwenda kumwona mshauri wa masuala ya akili.

Tatizo, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, lilikuwa saa ya kwenda.

Kama watu wengi wa mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wanaotegemea zahanati za umma, Kavinya alidamka ili awahi foleni. Alikuwa akionwa na daktari saa mbili asubuhi, baada ya usingizi wa usiku kucha, macho yamefunguka na sauti inasikika vizuri. Aliyeketi mbele ya daktari alikuwa mwanamke mzima wa afya akieleza maradhi ambayo hayakuonekana. Kufikia alasiri, maradhi yaliporudi, yeye alikuwa sokoni na daktari alikuwa zahanati.

Aliyeligundua hilo ni Anab, ambaye aliacha shule darasa la sita. Kwa kuwa meza zao zinapakana, alikuwa akimwona Kavinya saa zote za kazi. Mwanzoni mwa 2023 aliona kwamba siku za Jumatatu, baada ya mapumziko ya Jumapili, mwenzake alikwenda hadi saa saba kabla ya kulegea. Siku za Ijumaa hakufika saa tano. Siku mvua iliponyesha na soko likakosa wateja, hakulegea hadi jioni.

"Nikamwambia, Mama Koki, hii ugonjwa yako iko na saa," anasema Anab. "Na wewe unaenda hospitali saa yenye imelala."

Pendekezo lake lilikuwa rahisi. Kavinya anadi tangu asubuhi bila kupumzika, kisha waende alasiri, wakati jicho limefunga. Kavinya alisita, kwa sababu aliona ni kama kujitesa makusudi. Anab alimwambia kwamba fundi hawezi kutengeneza cherehani usipomwonyesha inavyokata uzi.

Walikwenda siku ya Alhamisi ya mwezi wa Februari, kwa miguu, hadi kliniki moja ndogo upande wa Pumwani. Njiani Anab hakumruhusu kunyamaza. Alimtaka amtajie majina ya wanafunzi wote aliosoma nao, kisha vijiji vya Mwala, kisha nyimbo za kwaya. Walipofika mlangoni, Kavinya alikuwa hawezi kusema jina lake likaeleweka. Anab ndiye aliyemjibia kwa karani.

Zamu hiyo ilikuwa ya Perez Awuor, afisa wa kliniki aliyekuwa na miaka sita kazini. Hakuanza kwa kuuliza habari za pombe. Alimwambia Kavinya aangalie dari bila kushusha macho. Kabla dakika moja haijaisha, makope yote mawili yalikuwa yamefunga. Kisha alimwambia ahesabu kwa sauti kutoka moja. Alifika ishirini na nane, na baada ya hapo zilitoka pumzi tupu.

Perez alitoka chumbani bila kueleza anakokwenda. Alirudi na pakiti ya barafu kutoka kwenye jokofu la chanjo, ameizungushia kitambaa, akaiweka juu ya jicho la kushoto. Aliishikilia hapo kwa dakika mbili.

Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi.

"Nilimwona Anab vizuri, Anab mmoja," Kavinya anakumbuka. "Alikuwa ameshika mdomo."

Perez anasema jaribio hilo alilisoma chuoni na hakuwahi kulitumia hadi siku hiyo. Baridi hupunguza kasi ya kuharibika kwa kemikali inayobeba amri kwenda kwenye msuli, hivyo kope linalolegea kwa ugonjwa huu hupanda kwa dakika chache. Barafu haitibu, lakini inaonyesha njia. Aliandika barua kwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali kubwa, na mwezi uliofuata kipimo cha damu kilithibitisha alichokishuku.

Kavinya anasema siku alipoambiwa jina la ugonjwa alilala usingizi mzuri kuliko wakati wowote katika mwaka mmoja na nusu. Aliambiwa pia kwamba hauponi kabisa. Hilo, anasema, lilimfikia siku ya tatu.

Mwangangi alisomewa barua ya hospitali na Koki, aya kwa aya. Hakusema lolote juu ya yule mteja wa fulana. Jumapili iliyofuata alivaa suti yake, akaenda kanisani, jambo ambalo hulifanya mara chache, na akamwomba kiongozi wa akina mama aisome barua ile. Kavinya alirudishwa kwaya, ingawa siku hizi huimba ubeti wa kwanza na kukaa.

Ugonjwa ulizidi kukaza, na vidonge vilimrejeshea saa chache tu za asubuhi. Humeza vitano kwa siku, kila kimoja kwa saa yake, na vingine vya kutuliza kinga ya mwili ambavyo vimemvimbisha uso. Mapato ya meza yamepungua kwa karibu nusu, kwa kuwa robota alilokuwa akilimaliza kwa siku tatu sasa linamchukua wiki. Mumewe aliwahi kumnunulia kipaza sauti chenye kurekodi, kama vile vinavyotumiwa na wauza dawa za panya. Alikijaribu siku mbili. Anasema mashine haiwezi kumwona mteja anayeondoka na kumrudisha.

Juni 2024 alikaribia kufa.

Alikuwa na kikohozi na homa. Mwangangi alipita kwenye duka la dawa karibu na nyumbani, akaeleza dalili, akauziwa vidonge vya kuua bakteria. Muuzaji hakuuliza kama mgonjwa ana maradhi mengine, na Mwangangi hakujua kwamba alipaswa kumwambia. Baadhi ya dawa za aina hiyo humdhuru mtu mwenye mayasthenia, hasa anapokuwa tayari ana maambukizi. Siku ya pili Kavinya alishindwa kumeza mate. Asubuhi ya siku ya tatu kifua kilikuwa kinainuka kidogo mno.

Misuli ya kupumua ilikuwa imechoka.

Majirani wanne walimteremsha ngazi za ghorofa nne akiwa amekaa kwenye kiti. Alipumulia mashine kwa siku kumi na moja. Muda wote huo akili yake ilikuwa timamu, kwani ugonjwa huu haugusi fahamu. Aliwasikia wauguzi wakizungumza, alimsikia mumewe, na hakuweza kufumbua jicho wala kujibu. Alichoweza tu ni kusogeza kidole kimoja cha mkono wa kulia.

Mwangangi anasema alimwambia mkewe kila siku kwamba dawa aliinunua yeye. Siku ya nane Kavinya aliwekewa kalamu mkononi. Maneno aliyoandika yalikuwa yamepinda, lakini mumewe aliyasoma: "Hukujua. Nunulia watoto maziwa."

Tangu hapo Mwangangi hubeba kwenye pochi yake, nyuma ya leseni ya udereva, karatasi yenye majina ya dawa ambazo mkewe hapaswi kupewa. Anab ana nakala ya karatasi hiyo. Koki pia.

Lakini Kavinya akiulizwa ni kipi kilichokuwa kigumu zaidi, hataji mashine ya kupumulia. Anazungumza juu ya mama yake na shangazi yake.

Mwishoni mwa 2021, habari za jicho zilipofika Mwala, mama yake, ambaye sasa ana miaka 71, aliuliza ni nani aliyempa mwanawe kitu chochote siku za karibuni. Jibu lilikuwa moja. Julai, mwezi mmoja kabla ya ugonjwa, shangazi yake Kathini, dada ya marehemu baba yake, alikuwa amemletea kiondo, kikapu alichokisuka mwenyewe. Mama alitaka kile kiondo kiletwe Mwala, akakichoma nyuma ya jiko, akaenda hadi boma la wifi yake na kumwambia mbele ya watu kwamba amemroga mtoto.

Maboma hayo mawili yametenganishwa na ua wa minyaa. Kwa miaka minne wanawake hao hawakusalimiana. Kathini aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya macho ya watu. Mjukuu wake alipoolewa, upande wa pili wa ua hawakualikwa.

Kavinya anakiri kwamba mwanzoni na yeye aliamini. "Ukiwa hujui ni nini kinakula mwili wako, unakubali jina la kwanza unapewa," anasema.

Hata baada ya kujua ukweli alikawia. Kwa simu, sauti yake ilichoka kabla ya kufika katikati ya maelezo, na kadiri mama yake alivyosikia maneno yakikokoteka ndivyo alivyozidi kumlaani Kathini. Basi Desemba iliyopita alisafiri. Alipanga afike jioni, alale, na azungumze asubuhi.

Alimkuta mama yake akichagua mbaazi. Alimweleza taratibu, kwa Kikamba, habari za damu, za misuli na za kinga inayopoteza mwelekeo. Alimwambia hakuna anayejua hasa kwa nini huanza kwa mtu mmoja na si kwa mwingine. Mama aliendelea kuchagua mbaazi.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufanyia," alisema mwishowe.

"Hakuna, mama."

Mama akaacha kuchagua mbaazi. Kisha akauliza, "Na hii miaka minne niipeleke wapi?"

Kavinya anasema mama yake alimaliza mbaazi zote, akanawa mikono, akabadilisha leso, na kupita kwenye uwazi wa ule ua. Hakutaka kusindikizwa. Alikaa huko hadi jua likawa utosini. Yaliyosemwa, Kavinya hayajui, kwa kuwa wote wawili wamekataa kumwambia. Anachojua ni kwamba mama alirudi akiwa amebeba maziwa ndani ya kibuyu ambacho hakikuwa chake.

Hawajawa marafiki, anasema. Kathini bado hajarudi kanisani.

Mwezi ujao Kavinya atafanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo kwa wagonjwa wengi wa aina yake huchangia kuikosesha kinga mwelekeo. Daktari wake, Muturi, amemweleza kwamba upasuaji unaweza kupunguza dalili na idadi ya vidonge, lakini nafuu huweza kuchukua hata miaka miwili au mitatu kuonekana, na kwa baadhi ya watu haionekani. Kavinya amekubali. Atakuwa nje ya soko kwa muda usiopungua wiki nane, na Anab ndiye atakayeuza katika meza zote mbili.

Anatumaini kurudi akiwa na uwezo wa kunadi hadi saa saba. Haombi jioni. "Saa saba inanitosha," anasema. "Wateja wa jioni ni wa kuuliza tu bei."

Lililobaki ni nani atakayeangalia nyumba ya Huruma, Mwangangi akiwa barabarani na mabinti shuleni. Wiki iliyopita mama wa Kavinya alipiga simu kusema atakuja kukaa naye hadi apone. Kabla Kavinya hajashukuru, mama aliongeza kwamba hawezi kusafiri peke yake na magoti yale, kwa hiyo atakuja na Kathini.

Saa tano imepita. Kavinya amepumzika vya kutosha kuweza kusema sentensi kadhaa mfululizo, na anazitumia kueleza mpangilio wa vyumba. Mabinti watahamia sebuleni. Wazee watachukua chumba cha mabinti.

"Kitanda ni kimoja," anasema, akishikilia kidevu kwa kiganja ili amalize. "Watajipanga."